Majani Yaliyokauka na Hazina ya Serikali

Siku moja nilikuwa nikifundisha habari za Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, na jinsi serikali yake ilivyonunua ng'ombe waliokuwa wakifa kwa njaa katika mwaka wa 1934. Kijana mmoja, mtoto wa wafugaji, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, serikali ile ililipa ng'ombe au ililipa majani?" Wenzake walicheka. Mimi nami nilitabasamu, kisha nikaona kwamba sina jibu la kumpa. Nilimwomba anipe muda nikatafute. Maelezo haya ndiyo niliyomwandikia baadaye, nami nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine.

Swali lile halikuwa la kuchekwa. Mkulima wa mahindi akipatwa na ukame, hasara yake yaonekana kwa macho: mabua yamesimama makavu, magunia hayakujaa, na bwana shamba aweza kufika akapima na kuandika. Hasara ya mfugaji ni ya namna nyingine. Majani ya malisho hayakupandwa na mtu wala hayakupaliliwa. Yalikuja na mvua, nayo yameondoka na mvua. Ng'ombe bado yu hai. Amesimama, ingawa mbavu zake zahesabika. Je, mwenyewe amekwisha kupoteza mali yake, au bado? Akisema amepoteza, ataonyesha nini? Na akingoja mpaka ng'ombe afe ndipo aonyeshe mzoga, msaada utamfaa nini wakati huo? Serikali nyingi zimesumbuliwa na jambo hili. Marekani imesumbuka nalo tangu karne ya kumi na tisa, na kwa kuwa hatua zake ziliandikwa katika sheria, twaweza kuzifuata moja moja.

Nyanda kubwa za majani za nchi hiyo zimetanda kutoka Texas upande wa kusini mpaka Montana upande wa kaskazini, mashariki ya milima ya Rocky. Zamani zilikuwa nchi ya makabila ya wenyeji na ya nyati wasiohesabika. Wenyeji waliponyang'anywa ardhi, na nyati walipokwisha kuuawa, wafugaji waliingia na makundi ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya serikali, na majani yalikuwa ya bure: aliyetangulia ndiye aliyelisha. Basi kila mtu aliongeza ng'ombe wake mbio mbio, maana majani aliyoyaacha yeye leo yangaliliwa na ng'ombe wa jirani kesho. Watu wachache sana walikata majani ya kuweka akiba.

Kiangazi cha mwaka wa 1886 kilikuwa kikavu, na ng'ombe waliingia katika majira ya baridi wakiwa wamekonda. Mwezi wa Januari 1887 zikaja dhoruba za theluji zilizofunika hata majani machache yaliyobaki. Ng'ombe walikufa kwa mamia ya maelfu. Theluji ilipoyeyuka, mizoga ilionekana imejaa mabondeni na kando ya mito. Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi ile, alikuwa na ranchi katika Dakota wakati huo. Alipoteza zaidi ya nusu ya kundi lake.

Hakuna serikali iliyowalipa wafugaji hao, wala sijasoma kwamba walitazamia kulipwa. Kwa nini wasitazamie? Yafaa tuangalie jambo lililotokea katika majuma yale yale. Wakulima wa Texas nao walikuwa wameunguliwa na ukame, na Bunge la Marekani lilikubali kutoa dola 10,000 zinunuliwe mbegu wapate kupanda tena. Tarehe 16 Februari 1887 Rais Grover Cleveland aliukataa mswada huo. Alisema kwamba haoni katika katiba ruhusa ya kutumia fedha ya watu wote kumwondolea taabu mtu mmoja mmoja, na kwamba ni kazi ya wananchi kuutunza utawala wao, lakini si kazi ya utawala kuwatunza wananchi. Jirani, alifikiri, ndiye amsaidie jirani yake. Cleveland hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye kanuni, na mara nyingine kanuni huuma kuliko ukatili. Lakini ikiwa mbegu za dola elfu kumi zilikataliwa, ni nani angalithubutu kwenda kuomba fedha kwa ajili ya majani?

Miaka 47 ilipita. Katika mwaka wa 1934 ukame mkubwa uliikamata nchi ile, na safari hii uliikuta imekwisha kudhoofishwa na mdodoro wa biashara ulioanza mwaka wa 1929. Bei ya ng'ombe ilikuwa chini sana hata kabla ya mvua kukosekana. Ardhi ya majani iliyokuwa imelimwa ovyo ilipeperuka ikawa vumbi. Mfugaji alikuwa katika mtego: hana majani ya kulisha, hana fedha ya kununua majani makavu, na akipeleka ng'ombe sokoni apata bei isiyofikia hata nauli ya gari moshi. Benki nayo ilikuwa na rehani juu ya ng'ombe wale wale.

Mwezi wa Juni mwaka huo Bunge lilitoa dola milioni 525 kwa ajili ya kupambana na ukame. Sehemu ilitumika kuwakopesha watu fedha za chakula cha mifugo. Lakini jambo lililokumbukwa zaidi ni ununuzi wa ng'ombe. Wilaya zilizopigwa zaidi zilitangazwa kuwa za hatari, na maofisa wa serikali walifika katika mazizi. Ng'ombe wa miaka miwili au zaidi alilipiwa dola 12 hadi 20. Wa mwaka mmoja hadi miwili, dola 10 hadi 15. Ndama, dola 4 hadi 8. Mpaka mpango ulipofungwa mwanzoni mwa mwaka wa 1935, serikali ilikuwa imenunua ng'ombe karibu milioni 8.3, kwa gharama ipatayo zaidi ya dola milioni 110.

Nawaomba wasomaji watulie hapa kidogo, waifikirie siku ile ofisa alipofika. Ng'ombe walitengwa makundi mawili. Wale walioweza kustahimili safari walipakiwa katika mabehewa wakapelekwa machinjioni, na nyama yao ikatiwa makoponi, wakagawiwa watu wasiokuwa na kazi mijini. Wale waliodhoofu mno walipigwa risasi pale pale nyumbani, wakafukiwa katika mashimo. Mara nyingi mwenye ng'ombe alisimama akitazama, na watoto wake kando yake. Alikuwa akipata fedha kwa mnyama ambaye soko lisingempa kitu, naye alijua hivyo. Hata hivyo, mtu aliyemzalisha mtamba, akamlea, akamjua tabia yake, hafurahi kwa sababu amelipwa dola kumi na mbili kwa risasi moja.

Katika bei ile palikuwa na hekima ambayo napenda isipite bila kutajwa. Malipo yaligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa bei ya ng'ombe, na aliyeshika rehani alikuwa na haki ya kuidai. Sehemu ya pili ilikuwa ya mfugaji mwenyewe, na mwenye rehani hakuruhusiwa kuigusa. Kwa ng'ombe mzima sehemu hiyo ilikuwa dola 6. Kama sivyo, hazina ya serikali ingalizilipa benki tu, na mfugaji angalibaki na zizi tupu na mfuko mtupu.

Wako wengine ambao katika miaka ile ile hawakutendewa kwa hekima hiyo. Katika nchi ya Wanavajo, kusini magharibi, maofisa chini ya John Collier, kamishna wa mambo ya wenyeji, walikata shauri kwamba kondoo na mbuzi wamezidi na ardhi yaharibika. Kuanzia mwaka wa 1933 wanyama walipunguzwa. Mbuzi wengi waliuawa, na wengine waliachwa waoze kwa kuwa njia ya reli ilikuwa mbali. Wengi wa wanyama hao walikuwa mali ya wanawake, ambao hawakuulizwa sawasawa maoni yao, nao walipinga kwa nguvu. Huenda maofisa walisema kweli juu ya ardhi. Lakini mfugaji wa Texas aliyauza mafahali yake kwa hiari, japo ni hiari ya mtu aliyebanwa. Mama wa Kinavajo alichukuliwa mbuzi wake kwa amri. Jina la mambo haya mawili katika vitabu laweza kukaribiana, yaani kupunguza mifugo, lakini waliotendewa hawakuyaona kuwa ni mamoja.

Basi jibu la kwanza kwa kijana wangu ni hili: katika mwaka wa 1934 serikali ililipa ng'ombe. Majani yenyewe yaliingia katika sheria kwa mlango mwingine. Tarehe 28 Juni mwaka huo huo Rais Roosevelt alitia sahihi sheria iliyoitwa kwa jina la Edward Taylor, mjumbe wa Colorado. Sheria hiyo ilifunga zama za malisho ya bure katika ardhi ya serikali: ziliwekwa wilaya za malisho, na mfugaji akatakiwa kuwa na kibali na kulipa ada kwa kila mnyama. Kitu ambacho hakikuwa na bei sasa kilikuwa na bei. Na kitu chenye bei, kikipotea, mtu aweza kusema amepata hasara.

Ukame mwingine uliishika Texas tangu mwaka wa 1950 hivi mpaka mvua za 1957. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1956, wilaya 244 kati ya 254 za jimbo hilo zilikuwa zimetangazwa kuwa na maafa. Safari hii serikali haikununua ng'ombe ili iwaue. Ilisaidia wafugaji kupata chakula cha mifugo kwa bei nafuu. Elmer Kelton, mwandishi aliyezaliwa na kukulia katika nchi hiyo ya ng'ombe, alitunga riwaya iliyotoka mwaka wa 1973 juu ya mfugaji mzee ambaye katika ukame huo alikataa katakata kupokea msaada wa serikali, kwa hofu ya kwamba atakayekulisha leo atakuamuru kesho. Mzee huyo ni wa kubuniwa, lakini fikira zake zilikuwa za watu wengi. Mimi namheshimu, ila simwigi. Mtu aweza kuchagua njaa yake mwenyewe, ng'ombe hachagui.

Sheria iliyoyalipa majani kwa jina lake ilikuja mwaka wa 2008. Katika sheria kubwa ya kilimo ya mwaka huo Bunge liliweka mpango wa kumlipa mfugaji aliyepoteza malisho kwa sababu ya ukame, au kwa sababu ya moto katika ardhi ya serikali aliyokuwa na kibali cha kulisha. Haimlazimu kuonyesha mzoga. Haimlazimu hata kuonyesha ng'ombe aliyekonda. Lakini basi nani ashuhudie kwamba majani yamekauka? Shahidi ni ramani.

Tangu mwaka wa 1999 wizara ya kilimo, idara ya hali ya hewa na Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Lincoln zimekuwa zikitoa kila Alhamisi ramani ya ukame ya nchi nzima. Mahali palipoanza kukauka hupakwa rangi ya manjano. Ukame ukizidi, rangi hugeuka kuwa ya chungwa, kisha nyekundu, na mwisho nyekundu iliyoiva sana. Waliotengeneza ramani hiyo walikusudia kuwaarifu watu. Sheria ya 2008 iliifanya kuwa hakimu. Kwa kanuni zilizowekwa mwaka wa 2014, wilaya ikikaa katika rangi ya chungwa kwa majuma manane mfululizo ndani ya majira yake ya malisho, mfugaji alistahili malipo ya mwezi mmoja. Rangi nyekundu ikigusa wilaya wakati wo wote wa majira hayo, alistahili miezi mitatu. Na ukame mkali kuliko yote ukikaa majuma manne, miezi mitano. Mwaka wa 2025 masharti ya ile rangi ya chungwa yalilegezwa.

Malipo yenyewe ni asilimia 60 ya gharama ya chakula cha mwezi iliyokadiriwa na serikali. Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme gharama ya ng'ombe mmoja imekadiriwa kuwa dola 50 kwa mwezi. Asilimia 60 yake ni dola 30. Mwenye ng'ombe 100 atapata dola 3,000 kwa kila mwezi wa malipo, na wilaya yake ikiwa nyekundu atapata dola 9,000. Zile asilimia 40 zilizobaki ni zake mwenyewe. Yuko pia kikomo: mtu mmoja hapati zaidi ya dola 125,000 kwa mwaka. Na aliyelazimika kuuza mifugo yake kwa sababu ya ukame hakusahauliwa, ila hulipwa kwa kiwango cha chini.

Mpango huo ulikuwa na ubovu mmoja tangu kuzaliwa: uliandikiwa siku ya kufa. Ulihusu hasara zilizotokea kabla ya tarehe 1 Oktoba 2011 tu. Siku hiyo ilifika wakati Texas ikiwa katika mwaka wake mkavu kabisa, na mwaka uliofuata, 2012, ukame ulienea katika sehemu kubwa mno ya nchi. Ramani ilikuwa nyekundu kutoka upande hata upande, kila Alhamisi, na sheria iliyokuwa ikiisoma haikuwapo. Bunge lilibishana juu ya sheria mpya ya kilimo mwaka wa kwanza, likabishana mwaka wa pili. Wafugaji waliuza. Walianza na ng'ombe wazee, wakafuatia na mitamba, yaani mbegu ya kundi la kesho. Mwanzoni mwa mwaka wa 2014 ng'ombe wa Marekani walihesabiwa wakaonekana kuwa wachache kuliko wakati wo wote tangu mwaka wa 1951.

Tarehe 7 Februari 2014 Rais Obama alitia sahihi sheria mpya. Mpango ulifufuliwa, ukafanywa wa kudumu, na ukarudishwa nyuma ulipe hasara zote tangu tarehe 1 Oktoba 2011. Hiyo ni haki, wala sitaki kuidharau. Lakini hundi ya mwaka 2014 haiwezi kununua robota la majani kwa ng'ombe aliyeuzwa mwaka 2012. Wanafunzi wangu huona tarehe za sheria kuwa ni mambo makavu ya kukariri. Hapa tarehe moja ilikata makundi ya ng'ombe nusu.

Ziko kasoro nyingine. Ramani haioni ua wa jirani. Rangi ikigusa pembe moja ya wilaya, wafugaji wa wilaya nzima hustahili, hata yule aliyenyeshewa. Na ng'ambo ya mpaka yuko mwenzake mwenye majani makavu vile vile, ambaye wilaya yake imekosa juma moja tu kutimiza masharti. Tena ramani haiulizi kama malisho yalitunzwa. Aliyejaza ng'ombe kupita kiasi na aliyejinyima ili ardhi yake ipumzike hulipwa kwa kanuni moja. Wako wataalamu wanaosema kwamba fedha hii humshawishi mfugaji kubaki na wanyama wengi katika nchi isiyoweza kuwabeba. Hoja hiyo ina uzito, nami sioni kwamba imekwisha kujibiwa. Walakini ofisa wa kukagua kila malisho, katika nchi kubwa namna ile, angalifika majani yakiwa yameota tena.

Hapa kwetu Kenya tumepita njia inayofanana na hiyo, tena kwa haraka zaidi. Katika ukame wa mwaka wa 2009 serikali ilinunua ng'ombe wa wafugaji kwa ajili ya kiwanda cha nyama cha Athi River, na wengine walifika wakiwa hoi au wamekufa. Ilikuwa fikira ile ile ya 1934: kumlipa mtu kwa ng'ombe anayekwisha. Lakini mwezi wa Januari 2010 ulianzishwa Marsabit mpango wa bima ulioandaliwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo pamoja na washirika wake, na shahidi wake alikuwa juu angani. Setilaiti hupima ukijani wa nchi. Ukijani ukishuka kupita kiasi kilichowekwa, bima hulipa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011.

Tofauti na Marekani ni kwamba mfugaji wa Marsabit alitakiwa kununua bima hiyo kwa fedha yake kabla ya ukame, na wengi hawakuwa nayo. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2015 serikali ya Kenya ilianza kuwalipia ada wafugaji waliochaguliwa katika Turkana na Wajir, kwa kadiri ya ng'ombe watano kila nyumba, kisha ikaongeza kaunti nyingine za nchi kavu. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Ranchi imezungushiwa seng'enge, na ng'ombe wake hula majani yale yale yanayotazamwa na ramani. Mfugaji wa kaskazini huhama. Setilaiti yaweza kuona kijani mahali alipoandikishwa, naye yuko mbali na ng'ombe wake, katika nchi iliyoungua.

Mwanzoni bima ya Marsabit ilikisia idadi ya wanyama waliokwisha kufa, ikalipa kwa kipimo hicho. Wafugaji walisema kwamba fedha ya mfu humfika mtu amechelewa. Mkataba ukabadilishwa, malipo yakasogezwa yatolewe ukame unapoanza, ili yanunue majani, maji na dawa wakati ng'ombe angali akisimama. Kijana wangu aliposoma sehemu hii aliniuliza jambo jingine: baba yake akilipwa fedha ya majani, na katika nchi nzima hakuna majani yanayouzwa, atanunua nini? Nimemwambia anipe muda tena.